Chuchu ni Zako, Pembe Ziko Siongiroi

Nyinyi watoto mliosoma, na nyinyi ambao bado mnanunuliwa yunifomu, kaeni chini. Mimi shule niliiona kwa dirisha, nikipita na mzigo wa kuni. Lakini kuna jambo moja la mali ambalo naona mnalichanganya hata na vyeti vyenu mkononi, na leo nitawaambia bila kuzunguka.

Nakumbuka siku moja nikiwa bibi harusi mchanga katika boma hii. Mzee mmoja wa Siongiroi alikuwa ameweka ng'ombe wake kwetu. Hiyo ni desturi yetu, tunaiita kimanagan. Rafiki anakuletea ng'ombe, wewe unamlisha na kumkamua, maziwa ni yako, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki kuwa wa mwenyewe. Sasa nilikuwa na shemeji, kijana wa kupenda kofia. Alimkamua yule ng'ombe mpaka wakazoeana, akaanza kumwita "ng'ombe wangu", na siku hiyo akamfunga kamba ampeleke sokoni kumuuza. Mama mkwe alikuwa anasafisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Hakuinuka hata. Alisema tu, "Wewe ulipewa chuchu. Pembe ziko Siongiroi."

Shemeji akafungua kamba. Kofia pia akaivua, sijui kwa nini.

Wanangu, mimi nilicheka nikadhani hayo ni maneno ya ng'ombe peke yake. Nilikuja kuyahitaji nikiwa nyanya.

Mnamjua kijana wangu wa mwisho, Kiplangat. Baba yake alipofariki, nilimpa ile mistari ya chai ya upande wa mto. Nikamwambia, "Hii chuma, ujinunulie viatu." Huku kwetu ndivyo tunavyofanya: kijana anapewa mistari, anachuma, anapeleka majani yake kituo cha chai. Nilisema chuma. Yeye alisikia chukua.

Asubuhi moja nikasikia nyundo. Kushuka, nikakuta pikapu imesimama kando ya chai, na mwanamume wa viatu vya kung'aa anapigilia vikingi, seng'enge imelala hapo kwa nyasi. Jina lake Mosonik, mfanyabiashara wa Ndanai.

"Chamgei, kogo," akanisalimu, yaani hujambo nyanya, kwa adabu kabisa, kama mtu ambaye hajasimama juu ya shamba la watu.

"Chamgei. Hivyo vikingi unamfungia nani?"

"Nafunga shamba langu, kogo. Kiplangat aliniuzia, mimi nikampa pikipiki."

Hapo ndipo nikaelewa ile pikipiki. Sisi Kiplangat alituambia ameazimwa na rafiki.

Msidhani sikushtuka. Njia ya mtoni inapita katikati ya mistari hiyo, na majirani wote wanapeleka ng'ombe maji kwa njia hiyo tangu mama mkwe akiwa msichana. Na shamba lenyewe bado liko kwa jina la marehemu mume wangu. Wenye haki ni wengi: niko mimi, wako kaka zake Kiplangat, na yuko dada yao Chepkorir, aliyerudi nyumbani na watoto wake akajenga hapo hapo juu ya chai. Hiyo seng'enge ingefika mtoni, Chepkorir angeamka siku moja amekuwa mpangaji wa mtu asiyemjua.

Nikamuuliza Mosonik, "Kiplangat alikuuzia nini?"

"Chai hii."

"Haya. Chuma."

Akacheka. "Kogo, nimenunua na udongo."

"Udongo hakuwa nao. Mimi nilimpa majani mawili na kichipukizi, yale machanga ya kuchumwa. Hiyo ndiyo alikuwa nayo, hiyo ndiyo amekuuzia. Chepkorir! Mletee mwenye mali kikapu."

Nadhani alifikiri nikimwona akichuma nitazoea kwamba ni yake, kwa maana alikunja mikono ya shati akasema, "Nitachuma, kogo, ndio ujue." Akaingia. Alichuma kama mtu anayenyoa kondoo aliyemkosea.

Jirani yetu Kemunto alikuwa anapanda kutoka mtoni na maji. Yeye na mumewe walitoka upande wa Kisii kuja kuchuma kwenye mashamba makubwa, na ploti yao hapa waliinunua kwa njia safi, mke wa mwenye kuuza akiwa ameketi pale kwenye bodi ya ardhi akasema ndiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Akatua mtungi.

"Bwana," akamwambia Mosonik, "hizo ni kuni umechuma, si chai."

"Mama, endelea na safari yako."

"Naendelea. Lakini hizo viatu zitabaki kijani mpaka Krismasi."

Kituo cha chai walimrudishia kikapu kizima. Saa sita alikuwa amefika mlangoni kwangu, vidole vyeusi, anasema chai hataki tena, anataka pikipiki yake. Nikamwita Kiplangat. Akaja akiisukuma, uso umevimba.

"Hii ni yangu," akasema. "Mama, angalia, jina langu liko kwa madigadi." Na kweli lilikuwa hapo, kwa rangi nyekundu: KIPLANGAT MOTO.

"Na logibuku, kile cheti cha mwenye pikipiki?" nikamuuliza Mosonik. "Hiyo iko na jina la nani?"

Mosonik akaangalia viatu vyake. "Langu. Nilimwacha aipande tu kwanza. Mambo ya majina tungefanya baadaye."

"Ulimwacha aipande?" akauliza Kemunto, ambaye alikuwa amekuja kuona mwisho wake. "Basi ngojeni iote."

Nilikaa chini. Chepkorir alidhani ni kizunguzungu, kumbe ni kicheko. Huyu alitoa majani bila udongo, na yule alitoa kiti bila pikipiki. Wanaume wawili wazima walikuwa wameuziana chuchu!

Mosonik aling'oa vikingi vyake akapakia pikipiki. Kiplangat alibaki na kifuniko cha kiti, kile cha manyoya, alichonunua mwenyewe Kericho. Hicho kilikuwa chake kabisa, na hakuna aliyekibishania. Mpaka leo anakikalia pale jikoni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ruhusa ya kuchuma si ruhusa ya kuuza. Kukaa mahali ni kitu kimoja, kupita ni kingine, na kumwachia mtoto wako ni kingine tena. Mtu akikwambia "hii ni yako", hata awe mama yako, muulize: yangu ya kufanya nini? Ukitaka kununua, usiulize kijana wa pikipiki. Nenda ofisi ya ardhi uulize jina. Kisha rudi uulize mke, uulize watoto, na wasichana pia ni watoto. Tembea shamba lote, uone majirani wanapeleka ng'ombe wapi. Mtu akikwambia majina ni baadaye, na wewe mwambie pesa ni baadaye. Na kama umepewa kitu utumie, kitumie, useme kongoi, yaani asante, na usikifunge kamba.

Mungu awape mahali pa kulala ambapo hakuna mtu atawaamsha na nyundo, na awape majirani wenye mdomo kama Kemunto.

Jioni ya siku hiyo, kabla ugali haujapakuliwa, nilisimama mlangoni na mwiko nikawaambia watu wa nyumba yangu: "Jumatatu hakuna kuchuma. Sote tunaenda kortini kuanza mambo ya urithi wa baba yenu, na Chepkorir atatangulia. Mpaka hapo, mtu akisema 'yangu' ndani ya boma hii, aseme kama ni chuchu ama ni pembe. Asiyejua, achukue kikapu."