Kipande cha Tatu

Riwaya tuliikata kwa wembe. Nasema hivyo kwa aibu, maana mtu mwenye shahada ya chuo kikuu anatarajiwa kuviheshimu vitabu. Lakini tulikuwa wasomaji watatu na kitabu kimoja cha Kiingereza, kinene kama tofali, kilichotoka sokoni Igoma ndani ya robota la mitumba, kimeviringishwa kwenye koti la baridi. Sote watatu tulikuwa tumepunguzwa kazini shirika letu lilipobinafsishwa, na hakuna aliyekuwa na subira ya kungoja mwenzake amalize. Tukakigawa vipande vitatu, tukavishona kwa uzi wa magunia, tukavivalisha karatasi za mifuko ya saruji.

Masharti yalikuwa mawili. Ukimaliza kipande, unampa anayefuata siku hiyohiyo. Na ni marufuku kumwambia mwenzako kinachokuja mbele. Sharti hili la pili lilitungwa na rafiki yangu, mtu wa Bukoba, aliyekuwa karani wa stoo. Yeye ndiye aliyenifuata kwenye zamu. Nyuma yake alikuja dada mmoja, mpiga chapa wetu wa zamani.

Kipande cha tatu nilikimaliza Jumatatu. Sikumpa rafiki yangu. Nilianza kukisoma upya, polepole, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda asubuhi. Kipande kile ndicho kilichokuwa ofisi yangu.

Siku ya Jumanne akaja mwenyewe. Nilimwona dirishani akipanda majabali ya kwetu Ilemela, akikaa kila baada ya hatua chache. Alikuwa na ule ugonjwa ambao miaka ile tuliuita homa tu, na suruali aliifunga kwa kamba.

"Umemaliza, bwana?"

"Bado kidogo." Kipande nilikuwa nimekikalia.

"Wewe na shahada yako! Unasoma kama mtu anayechimba kisima." Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Ijumaa naondoka na meli. Mama ameniita nyumbani. Nataka kujua tu kama yule mwanamke alimpata mumewe."

Kitabu kizima kilihusu hilo: mwanamke aliyeacha shamba lake kumtafuta mume aliyemkimbia.

"Nitakuletea," nikamwambia.

Nilimpelekea Ijumaa hiyohiyo, jioni, bandarini, jasho likinitoka. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake karibu na geti. Alikipokea, akakinusa, akakipapasa, akanirudishia.

"Nisomee. Macho yameniacha tangu jana."

"Jumanne ulikuwa unaona?"

"Niliona vizuri. Nilikuona hata ulivyokikalia."

Nikakifungua kipande. Nilisoma kwa sauti, nikitafsiri papo hapo, Kiswahili changu kikijikwaa kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Niliruka maelezo ya milima na mvua, na hata sura nzima. Kuli mmoja aliyekuja kulichukua sanduku alisimama kusikiliza, mkono kiunoni. Mama mwenye vikapu akaniambia nipaze sauti. Rafiki yangu alifumba macho, na kila nilipoharakisha alinigonga goti.

Honi ya meli ikalia. Zilibaki kurasa kumi na moja.

"Nikuambie mwisho?"

"Thubutu! Sharti ni sharti. Mama atanisomea."

Mama yake, kama mwanawe alivyowahi kuniambia, alisoma kitabu cha sala cha Kihaya na hakuna kingine. Rafiki yangu alilijua hilo, nami nililijua. Nilikitia kipande mfukoni mwa koti lake, na nitasema kweli, nilishusha pumzi kama mtu aliyesamehewa. Kuli akabeba sanduku begani, akamshika mkono, wakaingia.

Kuli aliporudi alinikuta palepale.

"Mzee, yule mwanamke alimpata mumewe?"

Nikamsimulia yote, kuli ambaye sikuwahi kumwona kabla ya siku ile: alimpata akiwa ameoa mke mwingine, akamtazama kupitia uzio, akarudi shambani bila kumsemesha.

Kuli akatikisa kichwa. "Sasa mbona hukumwambia mwenzako?"

"Alikataa."

"Mgonjwa akikataa uji, wewe unamwacha?"

Kamba za meli zilikuwa bado hazijafunguliwa. Nikakimbia. Getini askari akanyoosha mkono, akaniomba tiketi.