Orodha ya Kuni

Kwa miaka ishirini na sita Snezhina Tsoneva alifanya kazi kwenye masjala ya manispaa ya Gorna Lipa, akijua faili lipi liko kabati lipi bila hata kusoma kibandiko. Kisha serikali kule Sofia, mji mkuu, ikaamua karatasi zote ziingizwe kwenye kompyuta za mbali, ambazo vijana wa wizara waliziita wingu. Makabati yakaondolewa. Snezhina akajifunza kazi upya akiwa na miaka hamsini na tatu, na aliimudu, ingawa hakuacha kunung'unika.

"Ofisi imepaa mbinguni," alimwambia mwenzake, Tinka. "Sisi tumeachwa huku na matope."

Mwezi wa kumi akaja dirishani mwanamke mwembamba aitwaye Galina, kuomba kuni ambazo manispaa hugawa kutoka msitu wake kwa wasiojiweza. Alikuwa amemkimbia mumewe, fundi wa lifti huko Plovdiv, na alikuja na mabinti zake watatu, wawili kati yao mapacha. Kila mlango ulipofunguliwa, aligeuka.

"Hii fomu inakwenda wapi, mama?"

"Inabaki kwetu, mwanangu. Andika tu."

Galina akaandika.

Januari ikaja amri kwamba kila manispaa iweke takwimu zake wazi, ili raia yeyote aone inavyoendeshwa. Wizara ilizipanga manispaa kwa alama, na Gorna Lipa ilikuwa ya tatu kutoka mkiani. Naibu meya, Radoslav, hakupendezwa na nafasi hiyo.

"Nataka orodha arobaini kwenye tovuti kabla ya Ijumaa," alisema.

"Na ya kuni?"

"Hiyo ndiyo muhimu zaidi. Watu wanasema tunagawiana wenyewe kwa wenyewe. Wacha waone."

"Ina anwani za watu, bosi."

"Futa majina, futa namba za vitambulisho. Anwani ni nyumba tu, Snezhina, si mtu. Usinicheleweshe."

Akafuta majina. Zikabaki mtaa, namba ya nyumba, idadi ya watu wazima, na mwaka aliozaliwa kila mtoto. Alisita, mkono ukiwa juu ya kitufe. Lakini ilikuwa Alhamisi, macho yalimuuma, na orodha thelathini na moja zilikuwa bado hazijaguswa. Akabonyeza. Mwisho wa mwezi manispaa ilipanda nafasi hamsini, na Radoslav akaleta keki ofisini.

Mume wa Galina hakuhitaji jina. Alijua watoto wake walizaliwa lini, na alikuwa amesikia kwamba mkewe yuko mahali fulani upande wa milimani. Alichukua orodha za manispaa sita, moja baada ya nyingine. Kwenye ya tano akakuta nyumba yenye mtu mzima mmoja, watoto wawili waliozaliwa mwaka ule ule, na wa tatu aliyezaliwa miaka minne baadaye. Jumanne asubuhi alimngoja Galina arudi kutoka kuwapeleka watoto shule. Galina alikufa kwenye ngazi za mlango wake, kabla jirani hajafika. Mume hakukimbia. Polisi walimkuta ameketi pale pale.

Mpelelezi aliitandaza orodha mbele ya Snezhina, mstari mmoja umepigiwa wino.

"Hii imetoka kwenu?"

"Imetoka kwangu," alisema Snezhina.

Kwenye kikao cha uchunguzi Radoslav alieleza kwamba ukaguzi ulikuwa kazi ya masjala. Snezhina alipewa onyo la maandishi, akalitia sahihi.

"Mbona hukusema kuwa ulimwambia?" Tinka aliuliza.

"Nilimwambia. Kisha nikabonyeza."

Snezhina alikuwa ameiondoa orodha kwenye tovuti siku ile ile mpelelezi alipokuja, lakini ilikuwa imeshachukuliwa mara hamsini na tatu. Nakala moja ilikuwa kwenye tovuti ya ng'ambo inayokusanya takwimu za serikali. Aliwaandikia wenye tovuti mara nane. Hawakujibu.

Siku ya arobaini ya marehemu alipanda mabasi mawili hadi kijijini kwa mama yake Galina, ambaye sasa aliwalea wajukuu. Ua ulikuwa na watu wachache waliovaa nyeusi. Snezhina hakungoja kuulizwa.

"Mimi ndiye niliyeituma ile orodha kwenye mtandao," alisema. "Aliniuliza fomu inakwenda wapi, nikamwambia inabaki kwetu."

Mama akamtazama. "Wamekuja wa manispaa, wa wizara, wa polisi. Wote wamenieleza kwamba si wao."

"Mimi ndiye."

"Nimesikia. Sitakusamehe, usije ukaningojea." Akasogea kidogo kwenye benchi. "Lakini kaa, ule. Umetoka mbali."

Pacha mmoja akamletea sahani ya ngano ya kuchemsha iliyonyunyiziwa sukari, ile ya kuwakumbuka wafu. Snezhina akala hadi punje ya mwisho, bila kuinua uso, huku msichana amesimama mbele yake akingoja sahani.