Siku Aliyotolewa Chumba cha Kuonjea

Mshonaji aliingia chumba cha kuonjea bia kama mtu anayeingia kwa daktari kupokea majibu. Hakuwa mtu wa vilabu. Tangu aokoke, pombe aliijua kwa harufu tu, kwenye mashati ya mdogo wake aliyekuwa mpishi wa bia katika kiwanda hicho kidogo.

Mdogo wake aligongwa na lori jioni moja akitoka kazini. Ujanani alikuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni, kisha akaapa mbele ya kanisa zima kwamba hatalewa tena. Kazini aliruhusiwa funda la kuonja, basi. Lakini midomo ya watu haina kufuli, na msibani wakanong'ona: "Mpika pombe kafa na pombe yake." Mama mzazi akayasikia. Tangu siku hiyo, kwenye sala ya jioni aliombea kila kilichomo nyumbani, hadi kuku, ila jina la mwanawe hakulitaja. Mshonaji naye alianza kumwombea pumziko jema, akaishia njiani. Je, kama kweli alikufa amelewa?

Sasa kiwanda kilikuwa kimewaalika waonje bia ya mwisho aliyoipika marehemu. Mama alikataa katakata. Shangazi hakuhitaji kubembelezwa.

"Wewe umeokoka, mimi bado niko njiani," alisema akivuta kiti. "Acha nionje kwa niaba ya ukoo."

Chumba kilikuwa kisafi kama zahanati. Nyuma ya kioo kipana mapipa ya chuma yalikuwa yakitoka jasho. Mhudumu, mwanamke mchangamfu, akaleta ubao wenye vishimo vinne, kila kishimo na glasi yake ndogo: bia nyepesi, ya ngano, nyekundu, na nyeusi tii yenye povu la kahawia.

"Hiyo nyeusi ndiyo yake," alisema kwa sauti ya chini. "Iacheni iwe ya mwisho."

Shangazi akaanza na nyepesi. "Hii imepita bila kubisha hodi." Akaonja ya ngano. "Humu mmetia ndizi?"

"Hapana, shangazi, ni hamira inayoleta harufu hiyo."

Nyekundu ikamkunja uso. "Hii imeamka imegombana na mtu!"

Mhudumu alicheka, kisha akanusa hewa. "Samahani jamani, nani kajipaka dawa ya kuchua?"

"Mimi. Kiuno changu hakijali kama nimealikwa."

Mhudumu akafungua dirisha, akamsogeza shangazi karibu nalo. "Usinielewe vibaya, mama. Harufu kali inaua ladha. Humu haingii mtu na manukato wala dawa. Hata Mchungaji tulimtoa."

"Mchungaji gani anayekuja humu?"

"Ni huyu huyu marehemu wenu! Ndivyo tulivyomwita, maana hata pipa likimwangukia mguuni hatukani. Siku yake ya mwisho alikuja na mafua, kifua kizima kinanuka kafuri. Mpishi mkuu akamfukuza."

Mshonaji alishika ukingo wa kaunta. Asubuhi ile ni yeye aliyemchua kifua, mpaka mdogo wake akalalamika, "Dada, unanichua au unanikaanga?"

"Siku ile," aliuliza taratibu, "hakuonja kabisa?"

Mhudumu akaenda kumwita mpishi mkuu. Alikuja na mabuti ya mpira, aproni imelowa, akavua kofia.

"Angeonja kwa pua gani, dada yangu? Ilikuwa imeziba. Nilimpeleka nyuma tukaoshe mapipa, tukashinda wawili, tunakunywa chai ya rangi. Jioni nikamfungulia geti mwenyewe. Akasema, 'Kesho, Mungu akipenda.' Sijarudisha komeo, nikasikia breki."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tulikuja mazishini, tukasimama kule nyuma. Kwa macho tuliyotupiwa, nani angewasikiliza watu wa pombe?"

Mshonaji aliinamia kaunta akalia, na kilio chenyewe kilikuwa chepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni kichwani. "Bwana, umlaze mahali pema," alisema, na safari hii sentensi ikafika mwisho wake.

Shangazi alikuwa ameshika glasi nyeusi, amesahau kunywa. Akapiga funda moja, akalamba povu mdomoni. "Mtoto wa kaka yangu alikuwa fundi," alisema.

Mshonaji aliipokea glasi ile, akainusa tu. Ilinukia mkate ulioungua kidogo. Akairudisha, akafuta macho kwa mtandio.

"Kaka, mama yetu hatanisikia mimi. Atasema namtetea ndugu yangu. Twende ukamwambie kwa kinywa chako."

Mpishi mkuu alijitazama toka aproni hadi mabuti. "Basi ngoja nikaoge kwanza. Nanuka pombe mwili mzima, na mama yenu ni mtu wa sala."

"Njoo hivyo hivyo," alisema Mshonaji, naye tayari ameshika mlango.