Gitaa la Amana

Nililitambua kwa mgongo. Lilikuwa limelazwa kifudifudi kwenye turubai pale sokoni Jabe, kati ya feni isiyo na panga na viatu vya mitumba, na mgongoni lilikuwa na mikwaruzo mitatu iliyokwenda sambamba, kama paka alipitisha kucha. Haikuwa ya paka. Ilikuwa ya chuma cha mkanda wa mwalimu mmoja aliyekuwa jirani yangu mtaani Buyenzi, aliyelikumbatia gitaa hilo kila jioni akishamaliza kusahihisha madaftari.

Nilimwuliza mwuzaji limetoka wapi.

"Buterere, muzee. Maji iliingia mu nyumba ya watu, wakatoa vitu yote. Lakini mi sitakudanganya, hii iko imekufa."

"Nimeona."

Aliitazama kofia yangu na kanzu yangu. "Sasa muzee wa musikiti, gitaa ya nini? Ya kuni?"

"Nitalitengeneza."

"Basi ukimaliza uje utuchezee hapa."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikalilipia, nikalitia kwapani.

Mwalimu yule alikuwa ameniachia gitaa lake miaka mingi nyuma, alipohamishiwa shule ya mlimani. Hakutaka lipande juu ya paa la basi pamoja na mikungu ya ndizi. Alinijia asubuhi akaniambia, "Jirani, niwekee. We ni fundi wa mbao, utaijulia." Nililipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokewa amana.

Nilikuwa kijana, nimetoka kumaliza masomo ya dini, na mwalimu wangu wa madrasa alikuwa ametuonya sana kuhusu ala za nyuzi. Simdharau kwa hilo. Wanazuoni wana kauli zao, na anayechukua tahadhari ana hoja. Lakini kuhusu amana hakuna kauli mbili: unairudisha kama ulivyoipokea, awe aliyekuachia ni wa dini yako au si wa dini yako. Nilikuwa nayajua yote mawili. Mke wangu alisema tuliweke chini ya kitanda, atalifunga kitenge. Nikamwambia kitu hicho hakilali katika nyumba ninayosalia. Nikalitundika kwenye stoo ya mbao, kwenye msumari wa pembeni, na pembe ile bati lilikuwa linavuja. Nilijua linavuja. Nilishika hukumu ambayo wanazuoni wanabishana, nikaangusha ile ambayo hawabishani.

Masika mawili yalipita. Siku niliyokwenda kulitazama, kifua kilikuwa kimevimba na shingo imepinda. Ningeweza kulitengeneza hata wakati ule. Kazi yangu ni mbao. Lakini nilichukia kuliona. Mtu mmoja alikuwa akipita kukusanya vipande vya mbao, nikampa na gitaa humo humo.

Mwalimu aliporudi likizo akaniuliza gitaa lake, nilimwambia wezi walivunja stoo.

"Pole sana, jirani," akasema. "Walichukua na vyombo vyako?"

Uongo ukisimama mguu mmoja huyumba, kwa hiyo nikauongezea wa pili. "Msumeno," nikasema.

Kesho yake alikuja na msumeno mpya umefungwa katika gazeti. Mpini wake alikuwa ameuzungushia waya wa shaba, ili usiteleze mkononi. "Mi nimepoteza kitu ya kuchezea," alisema. "We umepoteza kazi. Chukua."

Nikauchukua. Nimepasulia mbao za nusu ya vitanda vya mtaa wetu kwa msumeno ule, na nimeunoa mpaka meno yake yamebaki mafupi.

Tulifundishwa, nami nimewafundisha wengine, kwamba Mwenyezi Mungu humsamehe mja alichomkosea Yeye, lakini haki ya mja mwenzako hubaki mpaka mwenyewe akusamehe. Nimeyasema hayo mbele ya watu mara nyingi kwa sauti ya kujiamini, na kila mara nilimwona mwalimu amesimama mlangoni na gazeti lake. Nilikuwa nimesikia kwamba amestaafu, anakaa Kinanira kwa binti yake. Sikwenda. Kila mwaka nilisema baada ya Ramadhani. Sasa gitaa lilikuwa kwapani mwangu, na sikuwa tena na la kusingizia.

Kazi ilinichukua miezi miwili, maana nilifanya baada ya Alasiri tu, mwanga ukiwa bado unayafaa macho yangu. Kwanza nililiacha kivulini likauke taratibu. Mbao iliyolowa ukiiharakisha hupasuka. Kisha nikapasha kisu moto nikakipitisha chini ya kile kipande cha kifuani kinachoshika nyuzi. Kilibanduka kama gamba la kidonda, nikachonga kingine kwa mbao ngumu ya libuyu. Ndani, vijiti viwili vinavyobeba kifua vilikuwa vimeachia. Niliingiza mkono katika tundu nikavitafuta kwa kupapasa, nikavipaka gundi na kuvitegemeza. Ufa nao niliuziba kwa ubale mwembamba wa mbao, halafu nikalifunga gitaa zima kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli.

Ufundi huo wa mpira nilifundishwa na fundi baiskeli aliyekuwa na benchi yake nje ya stoo yangu siku zile, mtu mpole asiyependa maneno. Aliniona nikibana kiti kwa vyuma akatikisa kichwa. "Chuma inauma mbao," akaniambia. "Mupira inakumbatia tu." Alinikatia vipande akanipa, wala hakutaka kitu. Alikwisha kufariki. Nilimwombea rehema nikifunga mafundo.

Mke wangu alipita na sinia la mchele akasimama kunitazama.

"Redio ulikuwa unanizimia ikianza tu muziki," akasema. "Leo gitaa limelala sebuleni, na we unalisomea bismillahi."

"Nalirudisha kwa mwenyewe."

"Ningelifunga kitenge siku ile, ungekuwa unapumzika sasa."

Akaendelea jikoni na sinia lake.

Kilichobaki kilikuwa msasa na vanishi. Hapo nilifanya kosa la pili, na wakati nalifanya nilijiona fundi kuliko siku zote. Katika kazi yetu sifa ni mtu alitazame kabati asione lilipovunjika. Nilianza na msasa mkali, nikaja wa kati, nikamaliza na ule laini kama unga. Mikwaruzo mitatu ya mgongoni ilikuwa imezama. Ilinichukua siku tatu kuifikia chini na kuiondoa. Nikapaka vanishi mara nne, kila safari nikingoja ikauke ndipo niisugue tena. Nilitaka alipokee kama kitu ambacho hakijapatwa na lolote.

Mke wangu alilifunga kitenge. Mimi niliufunga msumeno katika gazeti, nikapanda Kinanira.

Binti yake alinifungulia akanipeleka barazani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mto, mkono wa kulia umelegea kwa maradhi, lakini macho ni yale yale.

"Jirani," akasema, kana kwamba tuliachana jana. "Umeniletea mutoto?"

Nikakifungua kitenge mapajani mwake. Alitabasamu.

"Nzuri kabisa. Ya nani?"

"Ni lako. Lile uliloniachia. Nimeliona Jabe."

Aliligeuza polepole kwa mkono mzima, akapitisha kiganja mgongoni, akarudia.

"Apana," akasema. "Yangu ilikuwa na makucha huku."

"Nimeyatoa."

"Umetoa?"

"Kwa msasa."

Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyefuta jibu kabla halijasahihishwa. "Jirani, ndiyo ile tu ilikuwa sahihi yangu. Sasa mi nitajuaje?" Halafu kwa upole, asije akaniumiza, "Lakini labda ni yenyewe. Wezi waliiuza, ikazunguka, Mungu ameirudisha."

Ningeweza kukubali. Mlango alikuwa ameufungua mwenyewe, na nilihitaji kutikisa kichwa tu. Nikafungua gazeti nikaweka msumeno juu ya meza. Huo aliutambua mara moja. Aligusa waya wa shaba.

"Hakukuwa na wezi," nikamwambia. "Nililitundika panapovuja, likaharibika, nikalitoa na takataka. Na msumeno hakuna aliyeuiba. Nilikuwa nao mwingine ndani siku uliponiletea huu."

Binti alikuja na chai akaiweka. Tulingoja aondoke.

"Hakukuwa na mwizi," mwalimu akasema.

"Hakukuwa."

"Hata mumoja."

"Hata mmoja."

Alizungusha kikombe chake mpaka chai ikaacha kutoa moshi. Nilidhani ananikasirikia mimi, nami nilikuwa tayari kwa hilo.

"Mi nilikuwa najua nani aliiba," akasema mwishowe. "Ule fundi baiskeli. Nani mwingine alikuwa anashinda pale ukutani kwako? Likizo zote nilikuwa napita mbele yake kama napita mbele ya jiwe. Siku moja aliniita. 'Mwalimu, nimekukosea nini?' Sikumujibu. Nilitema mate, nikapita."

"Amekufa," nikasema.

"Najua amekufa. Sikwenda kuzika."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yake njia nzima, lakini nilisema yale mafupi tu.

"Yangu nakusamehe," alisema. "Ulikuwa kijana, na gitaa ni mbao. Musumeno nilikupa, ni yako, usinirudishie. Lakini ya ule mutu mi nitakusameheaje? Haiko yangu. Na mi mwenyewe iko inanidai."

Kisha, nafikiri kwa sababu hatukujua la kufanya, alilivuta gitaa tumboni. Mkono wa kulia haukuweza. Aligusa nyuzi kwa kidole kimoja cha kushoto, moja baada ya moja, na ya tatu ilikuwa inaguna kidogo. Nikasikia chuma cha mkanda wake kikikwaruza vanishi yangu. Nilijizuia kunyoosha mkono.

"Iache hapa," akasema. "Hata kama si yenyewe."

Wiki iliyofuata binti yake alitupeleka Buterere, ambako mtoto wa fundi baiskeli analima mpunga. Ni mtu mzima sasa, mpole kama baba yake. Alitutolea viti, akapangusa tope miguuni, akatusikiliza wazee wawili tukisaidiana kueleza. Mwalimu alieleza yake bila kunitaja mimi, ikabidi nimkatize nijitaje.

"Baba hakutuambia kitu kama hiyo hata siku moja," alisema. "Wazee wangu, tumesamehe. Musijisumbue."

Tulimshukuru kwa dhati. Njiani mwalimu aliniuliza dini yangu inasemaje, mtoto akisamehe kwa niaba ya marehemu. Nilimwambia ninavyojua: mali ya marehemu warithi wanaweza kuisamehe, lakini aliyevunjiwa heshima ni yeye mwenyewe, na sisi hatubakiwi na lolote ila kumwombea, kumtolea sadaka na kumtaja kwa wema pale alipotajwa kwa ubaya. "Yetu iko vilevile," akasema.

Basi ndivyo ninavyofanya. Nimesimama mara mbili mbele ya watu wa mtaa wetu nikasema kwamba fundi baiskeli hakuiba kitu, na kwamba mwongo nilikuwa mimi. Wengi walikuwa vijana, hawakujua namzungumzia nani.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri mrefu wa kuyasema haya, na mwalimu aliyenisamehe iliyo yake. Lakini ninapoinua mikono baada ya sala, linalonijia ni lile swali la fundi baiskeli: nimekukosea nini? Mji mzima, mtu mmoja tu alikuwa na jibu lake. Naye alikuwa hatua chache kutoka pale, upande wa pili wa ukuta, akipasua mbao kwa msumeno wenye waya wa shaba.