Siku Mkwe Aliponipeleka Kutembea

Turffontein, mtaa wetu wa Johannesburg, ukimwona mtu mzima anakwenda kwa miguu, hafukuzwi na mbwa wala hawahi taksi, unasimamisha gari kumuuliza amepatwa na nini. Ndivyo tunavyoishi. Mimi niliolewa kutoka Tanga na kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa ukimbizini kwetu wakati wa mapambano yao. Waliporuhusiwa kurudi nikamfuata Johannesburg, na miaka yote hii nimekwenda kwa miguu kutoka mlangoni hadi kwenye gari, na kutoka kwenye gari hadi dukani. Matembezi mengine ninayoyajua ni yale ya nyumbani: unavaa, unajitia manukato, unabisha hodi kwa watu, unakula, unasema watu kidogo, kisha unaaga mara kadhaa kabla ya kuondoka kweli.

Binti yetu alizaliwa huku. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kukisema anakisema kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Alikwenda Ufaransa kusoma, akaolewa huko, na alipojifungua mtoto wake wa kwanza nilifunga safari na chupa ya mafuta ya nazi begini, nikamhudumie mzazi. Mume wangu alinisindikiza uwanja wa ndege na onyo moja tu.

"Usigombane na mkwe," alisema. "Hamna hata lugha ya kugombania."

Wanaishi katika mji wa kale juu ya kilima, umezungushiwa ukuta wa mawe, na kanisa lake ni kubwa utafikiri mji ulijengwa baadaye ili kulisindikiza. Chini ya kilima kuna mashamba ya mizabibu, misitu na vijiji, na katikati yake zimepita njia za miguu ambazo watu hutoka mbali kuja kuzitembea. Mama mzazi wa mume wa binti yangu, yaani mkwe mwenyewe, mjane aliyeuza miwani mjini hapo mpaka akastaafu, anakaa mtaa wa pili. Kila asubuhi alifika kabla sijamaliza chai.

Lugha hatukuwa nayo, lakini kugombana tuligombana. Nikimkanda mtoto kwa mafuta, yeye anaichukua chupa na kukisoma kibandiko chake kama polisi anayesoma leseni. Nikimfunika mtoto, anafungua dirisha. Akimlaza chumba cha peke yake, ninamrudisha kwa mama yake. Akimvika soksi, ninazivua nimnyooshe vidole. Nikigeuka, soksi zimerudi miguuni. Yote hayo tukitabasamu mpaka mashavu yanauma. Binti yangu alikuwa katikati akitafsiri, na nilianza kuona kwamba maneno yanatoka kwake mafupi kuliko yalivyoingia.

Jioni moja akaniambia, "Mama, kesho mkwe anakupeleka kutembea. Yeye anapenda sana kutembea. Tangu mume wake afariki, hana mwenzake."

Roho ikaniuma. "Tunakwenda kwa nani?"

"Kwa... huko. Chini. Vijijini."

Nikaelewa: anataka kunionyesha kwa ndugu zake. Nikakaanga visheti kopo zima. Asubuhi nikavaa gauni la kitenge nililoshonewa mtaa wa Hillbrow na fundi wa Kikongo, mtandio wa hariri, na viatu vya wazi vyenye shanga. Mkwe alikuja na buti kubwa, kofia, mfuko wa mgongoni na fimbo mbili. Nikamhurumia sana. Jana alikuwa mzima, leo anatembelea fimbo! Yeye alivitazama viatu vyangu kwa muda mrefu, akashusha pumzi, akanipa fimbo moja. Nikainua macho kumtafuta binti yangu dirishani aje atufafanulie. Pazia lilikuwa limeshafungwa.

Tukatoka lango la mji tukashuka. Kila nyumba tuliyoikaribia niliweka mtandio sawa na kutayarisha uso wa mgeni, na kila nyumba tukaipita. Nyumba zenyewe hazina ukuta, hazina nyaya za umeme za kuzuia wezi, ziko wazi kama zimesahauliwa. Mzee mmoja alitokea ghafla kwenye miti na mbwa wake, nami nikaubana mkoba kwapani kama niko mjini Johannesburg karibu na kituo cha taksi. Akasema bonjuu. Mkwe akasema bonjuu. Mimi nami nikasema bonjuu, ila mkoba sikuulegeza.

Tulipoingia msituni ndipo nilipoanza kufahamu kwamba hakuna tunapokwenda. Kutembea kwenyewe ndiyo shughuli. Sikuwa na lugha ya kulalamika, na mtu akiwa mjane humkatizi starehe yake, basi nikakaza mwendo. Naye akakaza.

Kwenye miti walikuwa wamepaka alama, mstari mweupe na mwekundu. Tulifika mahali njia inagawanyika. Upande mmoja kulikuwa na ile mistari miwili, upande wa pili rangi hizohizo zimechorwa alama ya X. Mkwe akasimama, akaninyooshea mkono kwa heshima: chagua wewe. Sasa mimi X ninaijua kwa kazi moja tu. Afrika Kusini ndiyo unayoiweka kwenye karatasi ya kura mbele ya yule unayemtaka. Nikachagua X bila wasiwasi, naye akanifuata. Kumbe kwao X maana yake njia si hii.

Njia ile ilitupeleka kwenye miiba, miiba ikatupeleka kwenye matope, na matope yakatupeleka kwa ng'ombe, weupe, wakubwa, wamesimama wakitutazama kama majirani walioona wageni wasiotarajiwa. Mkwe akanishika mkono. Tukawapita ubavuubavu tumeshikana hivyo, na hata tulipowaacha nyuma hakuniachia mara moja.

Mbele tukakuta banda la zamani la kufulia, bwawa la mawe lenye maji safi na paa la vigae juu yake. Tukaketi. Nilitoa kopo la visheti. Yeye akafungua mkate, mayai ya kuchemsha na nyanya. Akanionyesha mkate ulivyo ndani, akatikisa kidole na kukoroma kama nguruwe, yaani humu hamna. Nilicheka mpaka kipande cha yai kikanipalia, akanipiga mgongoni. Visheti alikula kimoja, akala cha pili, kisha akavuta kopo upande wake.

Tulipoondoka pale kamba ya kiatu changu ikakatika. Nikaingia kijijini peku, kiatu mkononi, na mbele ya kanisa nikakanyaga jiwe lenye ncha.

"Eish! Mguu wangu jamani!"

"Pole, mama," sauti ikajibu kutoka kwenye maua.

Niligeuka. Mwanamume mweusi mwenye viatu vya mpira na mkasi wa bustani alikuwa ananitazama kwa mshangao uleule niliokuwa nao mimi. "Mama, muko mutu wa Tanzania?"

Kiswahili hicho nakifahamu, ndicho kinachosemwa saluni za Wakongo za Rosettenville, jirani na kwetu. Alikuwa padri, mwenyeji wa Bukavu kule Kongo, ametumwa kuhudumia vijiji vile kwa sababu mapadri wa hapo wamebaki wachache. Nilikuwa na furaha ya kusikika kiasi kwamba nilimsimulia habari zangu zote kwa pumzi moja, Mwislamu wa Tanga mimi, peku kwenye uwanja wa kanisa. Mkwe naye akaanza upande wake. Padri akainua mkasi kutunyamazisha.

"Huyu mama anauliza kama mungali munataka kuendelea. Yeye magoti yake yamekufa, lakini hapendi kuharibu furaha yenu."

"Furaha ya nani?"

"Yenu. Binti yenu alimwambia munapenda kutembea sana. Kule Johannesburg munapanda mulima kila asubuhi."

"Mimi? Mlima?" nilisema. "Padri, mimi nikienda kununua mkate napelekwa na gari! Mwambie nimeambiwa yeye ndiye anayependa. Nimemfuata kwa huruma!"

Padri akatafsiri. Mkwe akaketi kwenye ngazi ya kanisa akacheka, akavua miwani akacheka tena. Akainua mguu kutuonyesha unyayo wa buti lake: kibandiko cha duka kilikuwa bado kimeshika.

"Sasa," padri akauliza, "ni nani alitaka mutembee?"

Tulimtaja pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Ni yule aliyefunga pazia.

Padri akatuletea maji ya kunywa, na kwa kuwa sasa mdomo tunao, tukautumia. Soksi zikajadiliwa. Mafuta ya nazi yakajadiliwa, dirisha pia. Kisha mkwe akasema jambo kwa sauti ya chini, na padri akalitafsiri.

"Anasema munapomwimbia mutoto, mutoto ananyamaza. Yeye hana wimbo. Anaogopa mutoto atawapenda ninyi peke yenu."

Sikuwa nimelitegemea hilo. Nikasema kweli. "Mwambie mimi nitaondoka. Yeye atakuwa naye kila Jumapili, na mimi nitakuwa sura kwenye simu. Ndiyo maana namng'ang'ania."

Mkwe aliinama, akavua buti, kisha soksi zake mwenyewe za sufu, nzito, akanivika miguuni. Safari hii sikuzivua.

Padri aliturudisha kwa gari lake dogo, lakini tukamwomba atushushe chini ya lango. Tulikuwa tumeshapatana kujifanya hatujui kitu. Tukaingia nyumbani kwa miguu, tumechafuka vizuri. Binti yangu alikuwa ametoka kuamka, uso una alama za mto.

"Kutembea kulikuwaje?" akauliza.

"Kuzuri mno," nikasema.

Mkwe akasema la kwake, mikono kifuani, nalo lilikuwa refu.

"Basi mtakwenda tena kesho!" binti akasema, na uso wake uling'aa hata nikaona jinsi alivyokuwa amechoka.

Tukaenda kesho yake, na keshokutwa, na siku zilizofuata. Tulitoka na fimbo zetu, tukapinda kona, tukaishia mgahawa wa uwanjani nyuma ya soko. Hapo alinifundisha majina ya keki, na mimi nikamfundisha wimbo wa kubembelezea mtoto, naye akauimba kwa Kiswahili kilichovunjika kila mahali.

Ilipokaribia wiki ya kuondoka kwangu, tuko katikati ya ubeti, kivuli kikaanguka mezani. Binti yangu alikuwa amesimama na kigari cha mtoto. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akatazama vikombe vya chokoleti, akatazama buti safi za mkwe. Tulingoja atukaripie.

"Nyumba ni kimya sana," alisema. Akavuta kiti. "Sogeeni."