Mteja wa Kwanza wa Asubuhi

Nilipomaliza chuo, kazi pekee niliyoijua ilikuwa ya kusimama katika duka la mama yangu hapa Kamembe. Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto, na vita vilikuwa bado huko. Siku nyingine tulisikia mizinga huku tunapima sukari. Nilikuwa mwoga, sifichi. Nyuma ya meza ile nilijiona salama, maana watu ndio waliokuja kwangu.

Kisha depo moja ya sabuni ikatafuta mtu wa kuzungukia maduka. Tulikwenda wawili, mimi na kijana tuliyesoma naye. Patron, mwenye depo, akanitazama.

"Ku duka, bantu banakuja kwako," akasema. "Huku ni weye utabafuata. Duka ya mama yako itakusaidia nini?"

Duka letu lilikuwa linakauka, na bila kazi hiyo wadogo zangu wasingerudi shule. Patron akampa kila mmoja wetu katoni ya sabuni, akatutuma maduka ya jirani, naye akasimama mlangoni kutuangalia.

Mwenzangu akatangulia, mchangamfu kama bwana harusi. Mama mwenye duka la kwanza alimfukuza kabla hajaitua katoni. Nilijua kwa nini. Ilikuwa asubuhi mno, alikuwa hajauza hata kiberiti, na mtu wa kwanza kuingia akija kukuuzia badala ya kununua, siku nzima imeharibika. Kwa kosa hilo mama yangu angemfukuza hata padri.

Niliacha katoni nje, nikaingia, nikanunua chumvi.

"Aksanti, mwanangu, umenifungulia siku," yule mama akasema. "Na ile katoni ni ya nini?"

Akaichukua yote. Nilirudi kwa Patron nikiwa na furaha ya kutaka kulia.

"Kumbe duka ni masomo," akasema. "Utaanza lundi, kule Bukavu. Huku niko na bantu, kule sina."

Nikaitika kwamba Jumatatu nitavuka mto.

Nilimwambia mama nimepata kazi, na nitaifanyia wapi. Aliweka chini kipimo cha sukari. Hakuuliza mshahara. Aliuliza aliyekuwa akiifanya kabla yangu yuko wapi, na mimi sikuwa nimethubutu kuuliza.