Mtihani Usiouliza Sheria

Niliporudi Bariadi na shahada yangu ya sheria, wenzangu wote walikuwa wamebaki Dar es Salaam. Nilipanga chumba jirani na kiwanda cha kuchambua pamba, nikawa natafuta kazi kwa simu. Asubuhi nilifuta vumbi kwenye laptopu, nikafungua kundi letu la WhatsApp kuona nani kapata nafasi wapi, nikaandika "hongera sana", kisha nikaiweka simu kifudifudi. Kuna siku hongera hiyo ndiyo iliyokuwa neno pekee nililomwambia mtu hadi jua linazama.

Hatimaye kampuni moja ya mawakili ya Dar ilinijibu. Walikuwa na nafasi ya mafunzo, ila kabla ya usaili walitaka nifanye mtihani mtandaoni. Nikafukua madaftari, nikakariri sheria ya mikataba mpaka nikaanza kujiona jaji. Kumbe mtihani wenyewe hauulizi sheria hata chembe. Unapewa tukio la ofisini na majibu manne, unachagua lipi ungelifanya kwanza na lipi usingelifanya kamwe, huku saa inarudi nyuma pembeni mwa skrini.

Niliufanyia steshenari, maana mtandao wa chumbani kwangu ulikuwa wa kubahatisha. Nyuma yangu watu walikuwa wakitoa kopi za vyeti na kubishana kuhusu bei ya pamba.

Swali moja lilisema hivi: wakili anayekusimamia ameandaa mkataba wa mteja, nawe umeona kosa ndani yake, na mkataba unaondoka leo. Utamfuata umwambie? Utarekebisha kimyakimya? Utasubiri aone mwenyewe? Au utamwomba wakili wa rika lake amfikishie? Nilitabasamu. Hilo nalo swali! Nikachagua wakili wa rika lake. Kwenye jibu baya kuliko yote nikaweka kumfuata mwenyewe, na roho yangu ikatulia kabisa.

Mtoto aliyelelewa kijijini Kasoli angejibu nini kingine? Nyumbani kwetu neno zito halimwendei baba moja kwa moja. Linapitia kwa shangazi, dada yake mkubwa, aliyeolewa kijiji cha jirani. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo maneno yangu yote mazito yalibebwa na shangazi. Nilipotaka kusoma sheria, wakati baba ameshaamua niwe nesi, nilimwambia yeye. Akaja, akakaa kwenye kigoda chake kando ya mlango, akanywa maziwa, akauliza habari za ng'ombe na za mvua, ndipo akalisema. Mimi nilikuwa hapohapo napepeta mchele. Baba alinitazama mimi, lakini akamjibu yeye: "Mwambie akasome. Ila mwambie asije kutuletea uongo wa mawakili hapa." Nikamwambia shangazi kwamba nimesikia. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo tulivyopendana katika nyumba ile.

Majibu ya mtihani yalikuja kwa barua pepe. Hawataendelea na maombi yangu, na kwa faida yangu wakaeleza kwamba nina tabia ya kukwepa mazungumzo magumu. Nakwepa! Nilikasirika sana. Nikampigia rafiki yangu wa chuo, ambaye ameshaajiriwa, nikamsimulia lile swali la mkataba.

"We naye, hilo si swali la bure kabisa?" akasema. "Unamfuata bosi, unamwambia tu."

Akacheka, akaitwa na watu wa ofisini kwake, akakata. Nikabaki na simu mkononi, mashine za pamba zikinguruma ng'ambo ya ukuta. Sijawahi kujisikia mpweke kama mchana ule.

Shangazi nilipomsimulia, alifikiri kidogo, akauliza, "Sasa hao mawakili, kwao hawana mashangazi?" Tulicheka hadi machozi. Hatukucheka pamoja tena. Aliugua wakati wa masika, tukamzika mvua ikinyesha.

Baada ya msiba baba alibaki peke yake na ng'ombe wake. Nilikuwa namtembelea kila nipatapo nafasi, tunakula, tunazungumza habari za mvua. Mengine yote yalikosa njia ya kupita.

Baadaye kampuni nyingine iliniletea mtihani wa aina ileile. Safari hii bosi wa kwenye swali alikuwa amempa mteja ushauri usio sahihi. Nilijua wanachotaka. Nikaweka kwanza kumfuata mwenyewe, mapema, faragha, kwa heshima. Jibu la kumtuma mtu nikaliweka chini kabisa, nikajiona kama ninayemtoa shangazi nje ya mlango. Nilifaulu. Usaili nao nikaupita, wakaniita Dar nikaanze kazi.

Ikabaki kumwambia baba, na sikuwa na wa kumtuma. Nikapanda bodaboda hadi Kasoli. Nilimkuta ameketi nje, nikapiga goti, nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," akaitikia.

Kigoda kilikuwa palepale kando ya mlango. Tangu msiba hakuna aliyekikalia. Nikakumbuka jibu lililonipa kazi: mapema, faragha, kwa heshima.

"Baba, nimepata kazi Dar es Salaam. Naondoka mwezi ujao. Naogopa kukuacha peke yako."

Aliangalia zizi, nami nikajuta kila neno nililotamka. Kisha akageuza uso polepole, akakitazama kile kigoda kitupu.

"Mwambie aende," akasema. "Mwambie mimi sina neno." Akakohoa. "Ila mwambie nyumba itakuwa kimya sana."

Machozi yalikuwa yananitoka. Nikakigeukia kigoda na mimi.

"Mwambie baba nimesikia," nikasema.